Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza na Maandalizi ya Mafunzo kwa Vitendo: Mfano wa Bengamisa

1.0 Utangulizi

Kila mwaka vyuo vya Afrika ya Mashariki na Kati hupokea vijana ambao, kwa kweli, fani imewachagua wao kabla wao hawajaichagua. Mmoja alitamani udaktari, alama zake zikampeleka kwenye kilimo. Mwingine alifuata ushauri wa mjomba aliyekuwa tayari kumlipia karo. Wa tatu aliingia katika chuo kilicho karibu na kwao kwa sababu nauli ya kwenda mbali haikupatikana. Hakuna aibu katika njia hizo. Tatizo huanza pale kijana anapokaa miaka mitatu bila kujiuliza ni jambo gani katika fani hiyo linalomvuta, kisha akapelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo kama mzigo unaopelekwa sokoni: popote patakapopatikana mnunuzi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavyoweza kusaidiwa kutambua mambo yanayomvuta, na namna ya kuyageuza kuwa mpango wa mafunzo kwa vitendo wenye manufaa kwake na kwa wale watakaompokea. Mfano wetu ni Bengamisa, katika eneo la Banalia, mkoa wa Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bengamisa ipo kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Kisangani, kwenye barabara iendayo Buta. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Juu cha Masomo ya Kilimo, kinachojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama ISEA-Bengamisa.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya kilimo na mafunzo kwa vitendo yanahusiana vipi na taaluma ya Kiswahili? Jibu ni kwamba mwanafunzi wa Bengamisa hufundishwa kwa Kifaransa, hununua chakula kwa Kilingala au Kiswahili, na hukutana na wakulima ambao wengi wao lugha yao ya nyumbani ni Kimanga. Kiswahili kimekuwapo Kisangani tangu karne ya 19, wakati wafanyabiashara wa kutoka pwani walipofika kwenye maporomoko ya mto Kongo; mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikubali kuwa wali wa mahali hapo, palipoitwa Stanley Falls. Kwa hiyo suala la mwanafunzi kwenda shambani ni pia suala la lugha: atauliza kwa lugha ipi, ataelewa nini, na atawarudishia nini waliomjibu?

2.0 Juu ya istilahi

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kongo, wanafunzi husema staji, neno lililochukuliwa kutoka Kifaransa. Tanzania, istilahi rasmi ni mafunzo kwa vitendo, ingawa katika mazungumzo wanafunzi wengi husema fildi. Kenya, neno linalosikika zaidi ni atachimenti. Aidha, lipo neno la zamani, uanagenzi, ambalo asili yake ni hali ya mtu anayejifunza kazi kwa fundi.

Maneno haya hayalingani kabisa. Uanagenzi unamweka mwanafunzi chini ya mikono ya fundi na kusisitiza ustadi. Fildi inasisitiza mahali, yaani nje ya darasa. Staji, kama inavyotumiwa vyuoni Kongo, hubeba pia maana ya hati: barua ya kuombea nafasi, cheti cha kumaliza, ripoti yenye muhuri. Katika makala haya tutatumia mafunzo kwa vitendo kwa maana pana inayokusanya yote matatu: ustadi, mahali na taarifa. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mwanafunzi anayefikiria hati peke yake atapanga safari ya kutafuta muhuri, na muhuri ataupata. Ila hatapata kingine.

3.0 Mvuto, uwezo na nafasi

Wazo la kumsaidia kijana kuchagua kazi kwa utaratibu lina historia. Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston, Marekani, mwaka 1908, alieleza kwamba uchaguzi mwema unahitaji mambo matatu: mtu kujijua mwenyewe, kuzijua kazi zilivyo, na kufikiri kwa makini jinsi pande hizo mbili zinavyooana. Fikra hiyo ni sahali, lakini bado ina nguvu.

Kwa matumizi yetu tutatenganisha mvuto, uwezo na nafasi. Mvuto ni lile jambo ambalo mtu hulirudia bila kusukumwa. Uwezo ni lile analolifanya vizuri, au anaweza kulifanya vizuri akifundishwa. Nafasi ni lile ambalo mazingira, fedha na watu wanamruhusu kulifanya. Vijana wengi huanza na nafasi na kuishia hapo. Wengine huanza na mvuto na kuudharau ukweli wa nafasi, wakaishia kulalamika. Mpango mzuri huzipitia nguzo zote tatu, na kwa mpangilio: kwanza mvuto, kisha uwezo, halafu nafasi. Sababu ya mpangilio huo ni kwamba nafasi ikitangulia huufunika mvuto, hata mwanafunzi asijue kama aliwahi kuwa nao.

4.0 Namna ya kuutambua mvuto

4.1 Aina sita za Holland

Mwanasaikolojia John Holland wa Marekani, tangu mwaka 1959, alifafanua nadharia inayogawa mielekeo ya watu kuhusu kazi katika aina sita. Kwa Kiswahili twaweza kuziita hivi: mtendaji wa mikono, mchunguzi, msanii, msaidizi wa watu, mshawishi na mpangaji. Kwa kawaida mtu huwa na mchanganyiko, aina mbili au tatu zikizidi nyingine.

Faida ya mgawanyo huu kwa mwanafunzi wa kilimo ni kubwa kuliko inavyoonekana mara ya kwanza, kwani unamwonyesha kwamba kilimo si kazi moja. Mtendaji wa mikono atapenda kitalu, mashine ya kukoboa mpunga na kinu cha mawese. Mchunguzi atavutwa na udongo, magonjwa ya mimea na uchaguzi wa mbegu. Msanii aweza kuchora, kupiga picha na kutunga vipindi vya redio vya wakulima. Msaidizi wa watu atafaa katika ushauri wa vijijini. Mshawishi atajiona nyumbani katika ushirika na biashara ya mazao. Mpangaji atapata raha katika takwimu, hesabu za shamba na kumbukumbu za ghala. Kijana aliyetamani udaktari akaangukia kilimo aweza kugundua kwamba kilichomvuta tangu mwanzo ni uchunguzi wa maradhi, na maradhi ya migomba na mihogo yapo tele.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Hojaji za aina hii zilitungwa kwa ajili ya jamii nyingine. Swali linalomwuliza kijana wa Banalia kama angependa kutengeneza vifaa vya umeme nyumbani halina uzito sawa na swali linalomwuliza kama amewahi kurekebisha baiskeli ya toleka iliyokatika mnyororo njiani. Anayetaka kutumia hojaji hizo hana budi kuzitafsiri kwa maana, wala si kwa neno.

4.2 Mazoezi matatu yasiyohitaji fedha

Zoezi la kwanza ni daftari. Kwa muda wa majuma manne mwanafunzi huandika kila jioni mambo mawili: jambo lililomfanya asahau saa, na jambo lililomchosha kabla ya wakati. Asiandike maoni marefu. Mistari miwili yatosha. Mwisho wa mwezi huyasoma yote kwa mfululizo na kutafuta kinachojirudia. Mvuto wa kweli huonekana kwa kurudiwa kwake. Msisimko wa siku moja si mvuto.

Zoezi la pili ni mazungumzo na watu walio kazini. Mwanafunzi huchagua watu watatu wanaofanya kazi tofauti zinazohusiana na fani yake: kwa mfano, mama auzaye sombe sokoni, fundi wa kinu cha mawese, na mtumishi wa ofisi ya kilimo. Kila mmoja humwuliza jinsi siku yake inavyokwenda tangu asubuhi hadi jioni, kipi kigumu, na kazi hiyo alijifunza kwa nani. Swali la siku nzima lina thamani, kwa sababu vijana wengi hupenda jina la kazi bila kuyajua masaa yake.

Zoezi la tatu ni kumfuata mwanafunzi aliyetangulia. Anayerudi kutoka kwenye mafunzo kwa vitendo aulizwe maswali ambayo ripoti yake haiyajibu: alilala wapi, alikula nini, nani alimsaidia, na wiki ipi ilipotea bure.

5.0 Kutoka mvuto hadi swali

Mvuto peke yake hauwezi kupangiwa safari. Anayesema "napenda mchikichi" bado hajasema kitu kinachoweza kufanyiwa kazi. Hatua inayofuata ni kuugeuza mvuto uwe swali dogo linalojibika kwa muda na vifaa vilivyopo.

Tuchukue huo huo mchikichi. Yangambi, kwenye ukingo wa mto Kongo, magharibi ya Kisangani, palikuwa makao ya taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, INEAC, ambayo kazi yake iliendelezwa na taasisi ya taifa, INERA. Ni huko ambapo Beirnaert na Vanderweyen walieleza, mwaka 1941, siri ya gamba la kokwa ya mchikichi. Mchikichi wenye gamba nene, uitwao dura, ukizalishwa na ule usio na gamba, uitwao pisifera, huzaa mchikichi wa gamba jembamba, tenera, ambao tunda lake lina nyama nyingi na hivyo mafuta mengi. Ugunduzi huo ndio msingi wa mashamba ya michikichi ya kisasa duniani kote.

Lakini tenera hauzai tenera watupu. Tenera ukizalishwa na tenera mwingine, kwa wastani nusu tu ya watoto huwa tenera. Robo hurudi kuwa dura, na robo huwa pisifera, ambao kwa kawaida hautoi mavuno ya maana. Mkulima anayeokota kokwa chini ya mti wake bora na kuzipanda hupanda pia hasara asiyoiona, na hatajua mpaka miti ianze kuzaa, miaka kadhaa baadaye.

Hapo ndipo swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza linapozaliwa: wakulima wa vijiji viwili vya karibu walizipata wapi mbegu za michikichi yao, na kati ya miti yao mingapi ina matunda ya gamba jembamba? Kwa kisu na daftari, kijana aweza kupasua tunda, kupima gamba na kuhesabu. Swali hilo ni dogo, halihitaji maabara, na linagusa mfuko wa mkulima moja kwa moja.

Kipimo cha swali zuri, basi, ni hiki: je, lina jibu linaloweza kuonekana kwa macho, kuhesabiwa au kusimuliwa na watu wanaolijua? Je, yupo mtu nje ya chuo ambaye jibu hilo litamfaa? Ikiwa majibu ni ndiyo, mpango una mahali pa kusimama.

6.0 Mpango wenyewe

6.1 Majira

Kisangani na Bengamisa zi karibu sana na ikweta. Mvua hunyesha mwaka mzima, ila hupungua kiasi kuzunguka Januari na Februari, na tena kuzunguka Juni na Julai. Kufyeka na kuchoma msitu kwa ajili ya mashamba mapya hufuata vipindi hivyo. Kwa hiyo anayetaka kuchunguza ufyekaji, upandaji au mavuno hana budi kulinganisha kalenda ya chuo na kalenda ya shamba kabla ya kuandika barua yoyote. Ikiwa chuo kinaruhusu kutoka wakati ambapo kazi unayoitaka haifanyiki, badili swali: hakuna mkulima atakayechoma shamba lake kwa ajili ya ripoti ya mtu.

6.2 Mahali na watu

Mahali pachaguliwe kwa swali. Tshopo ina uwanja mpana: mashamba ya familia kando ya barabara ya Buta, masoko ya Kisangani, vyuo na ofisi za mji huo, na Yangambi yenyewe, ambayo ni hifadhi ya mazingira inayotambuliwa na UNESCO na ina mkusanyo mkubwa wa mimea iliyokaushwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana lazima ya kwenda mbali. Ziara fupi iliyoandaliwa vizuri yampa zaidi kuliko mwezi mzima wa kukaa barazani mwa ofisi akingoja kuagizwa.

Kila mpango uwataje watu watatu: anayempokea, anayemsimamia kutoka chuoni, na mwenye mamlaka ya mahali, yaani chifu wa kijiji au wa sekta. Huyo wa tatu husahauliwa mara nyingi. Kijana anayeonekana akipima mashamba ya watu bila kujulisha huzua hofu, kwani mahali pengi kupimwa kwa ardhi kumekuwa dalili ya kunyang'anywa ardhi. Kwenda kubisha hodi mapema si adabu tu. Ni sharti la kupata majibu ya kweli.

6.3 Gharama

Gharama ziandikwe zote kabla ya kuondoka: nauli ya pikipiki au gari, chakula, malazi, daftari, uchapaji wa ripoti, chandarua na dawa za malaria. Mwanafunzi asiyekuwa na fedha apunguze umbali au siku, asipunguze chakula. Mpango ambao hauwezi kugharimiwa hauna budi kuandikwa upya, na ni afadhali uandikwe upya mezani kuliko njiani.

7.0 Lugha kama chombo cha kazi

Tumekwisha kusema kwamba masomo hutolewa kwa Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huyajua mambo kwa majina ambayo mkulima hayatumii. Kabla ya kwenda, aandae orodha ya maneno mia moja ya kazi yake katika lugha za mahali. Majani ya muhogo, kwa mfano, ni kisamvu kwa watu wa pwani, sombe katika Kiswahili cha Kongo, na pondu kwa Kilingala. Anayeuliza habari za kisamvu Bengamisa ataonekana mgeni. Anayekikataa kabisa Kiswahili sanifu hataweza kuisoma taarifa ya jirani yake wa Morogoro. Yampasa ayajue yote mawili, na ajue ni lipi la kutumia wapi.

Muundo wa swali nao una uzito. Tulinganishe haya mawili:

(a) Je, unatumia mbegu bora?
(b) Mama, mbegu hizi ulizipata wapi, na za mwaka ujao utazitoa wapi?

Swali (a) lina jibu lake ndani: heshima kwa mgeni humfanya mwulizwa aseme ndiyo. Swali (b) linaomba simulizi, na katika simulizi hutokea mambo ambayo mwuliza hakuyatazamia: mbegu zilizotoka kwa dada aliyeolewa kijiji cha pili, au zilizonunuliwa sokoni baada ya akiba kuliwa wakati wa njaa. Aidha, swali (b) linamtambua anayeulizwa. Kazi nyingi za kupanda, kupalilia na kutengeneza muhogo hufanywa na wanawake. Mwanafunzi anayezungumza na baba wa nyumba peke yake hurudi na nusu ya habari.

Hali kadhalika, mkalimani wa Kimanga ahitajika kwa wazee wasiotumia Kiswahili wala Kilingala kwa wepesi. Mkalimani aelezwe mapema kwamba kazi yake ni kuleta maneno ya mzee kama yalivyo, hata yakiwa marefu. Majina ya miti, udongo na wadudu yaandikwe kwa lugha yenyewe kwanza, ndipo yatafutiwe jina la kitaalamu, kwa kuwa jina lililopotea halirudishwi na kamusi.

8.0 Wajibu wa chuo

Haitakuwa haki kumtwika mwanafunzi mzigo wote. Mageuzi ya masomo yaliyoanza kutekelezwa kwa upana katika vyuo vya Kongo tangu mwaka wa masomo 2021-2022 yaligawa masomo kwa nusu-mwaka na kwa alama za mzigo wa kazi, na kuipa kazi binafsi ya mwanafunzi nafasi iliyo wazi zaidi. Nafasi hiyo yaweza kutumika kwa daftari, mazungumzo na swali tulivyovieleza. Tena utaalamu haupo mbali: Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963, kina kitivo cha saikolojia na elimu, na barabara ya kutoka huko hadi Bengamisa yapitika kwa siku moja hali ya njia ikiruhusu. Wanafunzi wa ushauri wa kitivo hicho wangeweza kufanya mafunzo yao kwa kuwasaidia wanafunzi wa kilimo kutambua mivuto yao, na kila upande ungefaidika.

Walimu nao wana jambo moja la kuamua: ripoti ipimwe kwa kipimo gani? Ikiwa alama hutolewa kwa idadi ya kurasa na usafi wa jalada, wanafunzi watanakili kurasa za waliotangulia. Ikiwa sehemu ya alama itatolewa kwa daftari la shambani, na sehemu nyingine kwa kurasa mbili za Kiswahili au Kilingala zinazosomwa mbele ya wakulima waliohojiwa, kunakili kutakuwa kugumu, maana wakulima watajua mara moja kama yaliyoandikwa ni yao.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maandalizi ya mafunzo kwa vitendo huanza mwaka wa kwanza, na kwamba yana hatua zinazofuatana: kutambua mvuto, kuupima kwa uwezo na nafasi, kuugeuza kuwa swali, kuliwekea swali majira, mahali, watu na gharama, kisha kuliuliza kwa lugha inayoeleweka na kurudisha jibu kwa wenyewe. Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji muda, na mwaka wa kwanza ndio wenye muda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujana nao ni mali. Kijana wa Bengamisa anayemaliza masomo bila kujua kilichomvuta hupoteza miaka yake, na mkulima wa jirani, aliyekuwa akingoja kuambiwa kwa nini michikichi yake haizai, huendelea kungoja. Katika nchi ambayo wataalamu wa kilimo hawawatoshi wakulima wake, hasara hizo mbili ni hasara moja.